Salio Linapanda, Ekwiti Inashuka: Nimwongezee Treda Fedha?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Nimeajiriwa na sina muda wa kukaa kwenye chati. Mwaka jana nilijaribu foreksi, yaani biashara ya sarafu za kigeni, mwenyewe nikaunguza akaunti mbili ndogo. Miezi miwili iliyopita nilikutana na treda kwenye kikundi cha Telegram, kijana mstaarabu tu, nikampa nywila ya akaunti yangu ya MetaTrader (programu ya kufanyia biashara hiyo) yenye dola 1,500. Tulikubaliana kugawana faida nusu kwa nusu kila mwezi. Mwezi wa kwanza alifunga faida ya dola 200, nikamtumia 100 yake kutoka mfukoni. Mwezi huu amefunga 230, anasubiri 115. Salio linasoma 1,930, ekwiti 1,305. Kuna oda sita za kuuza yuro kwa dola bado ziko wazi (nimeambatanisha picha), anasema ni kawaida, bei itarudi. Sasa ananishauri niongeze dola 4,500, ambazo ndizo akiba yangu yote, ili akaunti "ipumue". Anasema itatoa asilimia 10 kwa mwezi. Niongeze? Na kwa ujumla, ni busara kumpa treda mtaalamu fedha akusimamie?

Jibu: Dada yangu, usiongeze hata dola moja. Nimeanza na hilo makusudi, maana najua watu husoma nusu ya jibu, mara simu inaita na treda yuko upande wa pili. Swali lako la pili lina jibu refu zaidi, na si la kukataa moja kwa moja. Lakini tuanze na akaunti yako, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu unachohitaji kujua.

Ile 1,930 usiihesabu kuwa ni fedha zako. Salio linahesabu oda zilizokwisha kufungwa peke yake. Ekwiti ndiyo inayotoa na hasara ya oda zilizo wazi, na ndiyo utakayoondoka nayo ukifunga kila kitu sasa hivi: 1,305. Uliweka 1,500, kwa hiyo uko chini kwa 195. Jumlisha ile 100 uliyomtumia kutoka mfukoni, hasara yako imefika 295. Yeye amekwisha kupata 100 na anadai 115 nyingine. Akaunti ina hasara, mwenye akaunti ana hasara, msimamizi ana faida. Na wala hajakuibia. Ni makubaliano yenu ndiyo yanayozaa matokeo hayo, kwa sababu mligawana faida ya oda zilizofungwa, na anayeamua ipi ifungwe ni yeye. Zenye faida anazifunga upesi, zenye hasara anaziacha. Hata mtu asiyejua kusoma chati anaweza kukutolea "faida" ya kila mwezi kwa mtindo huo, mpaka siku akaunti itakapoungua.

Sasa tazama hizo oda sita. Ukubwa wa oda hupimwa kwa loti, na kwenye picha yako hizo zina loti 0.01, 0.02, 0.04, 0.08, 0.16 na 0.32. Kila bei ilipopanda dhidi yake, aliuza tena mara mbili ya oda iliyotangulia. Wacheza kamari wa Ulaya walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 18, na jina lake ni martingale. Hesabu yake inavutia: bei ikirudi nyuma kidogo tu, oda kubwa ya mwisho inafuta hasara ya zote na kubakiza faida ndogo. Na mara nyingi bei hurudi kweli. Ndiyo maana mbinu hii hutoa miezi mizuri mfululizo na mchoro wa salio unaopanda kama ngazi. Tatizo ni siku isiporudi.

Kwako siku hiyo haiko mbali. Jumla ya oda zote ni loti 0.63. Kwa yuro na dola, loti moja ni yuro 100,000 na kila pipsi, yaani hatua ya 0.0001 ya bei, ina thamani ya dola 10, kwa hiyo wewe kila pipsi inakugharimu dola 6.30. Gawanya 1,305 kwa 6.30, unapata pipsi 207. Broka, yaani kampuni inayoshika akaunti yako, huanza kukufungia oda kwa nguvu kabla ya kufika sifuri, basi sema 200 kwa kukadiria. Pipsi 200 ni sawa na bei kutoka 1.1000 hadi 1.1200. Jozi hii huweza kutembea umbali huo ndani ya siku chache, na likitolewa tangazo zito la benki kuu au la ajira za Marekani, safari hiyo huenda kwa kasi zaidi. Mbinu yake inamtaka afungue oda ya saba ya loti 0.64. Akifanya hivyo kwa mtaji uliopo, kila pipsi inakuwa dola 12.70 na nafasi iliyobaki inakatika nusu. Anajua hilo. Kwa hiyo neno "ipumue" lina maana moja: akiba yako iingie kulinda oda zake.

Tukiachana na kijana wako, hili ndilo ningependa ulishike kuhusu msimamizi yeyote, awe wa Telegram au wa ofisi yenye vioo: kabla ya kuuliza anajua kiasi gani, uliza akipoteza, yeye anapoteza nini. Mtu anayepata nusu ya faida bila kushiriki senti ya hasara ana kila sababu ya kubeti kwa nguvu. Akishinda, amekula. Akishindwa, anafungua kikundi kingine. Tabia nzuri haiondoi mvuto huo, inauchelewesha tu.

Niliwahi kukaa miaka kadhaa kwenye dawati la broka, upande ule wanaoona oda za wateja zikiingia. Kulikuwa na jamaa mmoja aliyekuwa akisimamia akaunti kumi na mbili za watu tofauti, zote kwa kupewa nywila. Asubuhi ya tangazo kubwa, akaunti sita zilinunua na sita zikauza, jozi ileile, dakika ileile. Ilichukua muda nikaelewa. Sita zilifaidi, akachukua mgawo wake na barua za shukrani. Sita nyingine aliziambia soko lilikuwa baya. Wateja hawakufahamiana, na kila mmoja alikuwa na ushahidi wa kweli mkononi.

Na hiyo asilimia 10 kwa mwezi? Ichukue ilivyo, iache faida izaliane, uone inakwenda wapi. Baada ya mwaka mtaji umekuwa zaidi ya mara tatu. Baada ya miaka kumi, dola 1,000 zimekuwa zaidi ya dola milioni 92. Mwenye uwezo huo hana haja na 4,500 yako, angekaa kimya na elfu moja yake. Watu wanaosimamia fedha kwa weledi huhesabu asilimia 10 kuwa ni mwaka mzuri, na wana miaka ya hasara. John W. Henry, aliyetajirika kwa kusimamia mitaji katika masoko ya bidhaa na sarafu na akaongoza ununuzi wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox mwaka 2002, alikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya kazi hii. Hata kampuni yake ilipitia vipindi vizito vya hasara, wateja wakapungua, na mwaka 2012 ikaacha kusimamia fedha za watu.

Ukisikia mtu hana mwezi wa hasara hata mmoja, hapo ongeza wasiwasi. Bernard Madoff alikamatwa Desemba 2008 baada ya miaka mingi ya kuwaonesha wateja faida tulivu isiyotikisika. Hakuwa wa foreksi, lakini dalili ni ileile: soko linatikisika, kitabu cha msimamizi hakitikisiki. Ama hasara zimefichwa kwenye oda zilizo wazi, kama kwako, ama hakuna biashara yoyote na fedha za anayeingia ndizo zinazomlipa aliyetangulia, yaani upatu.

Nije kwenye swali lako la pili.

Usimamizi wa akaunti upo kihalali, na una umbo linalotambulika. Akaunti inafunguliwa kwa jina lako, kwa broka mwenye leseni. Unasaini hati ya uwakilishi yenye mipaka: msimamizi ana ruhusa ya kufungua na kufunga oda, hana ruhusa ya kutoa fedha. Ada yake inakatwa na broka kwa kanuni iliyoandikwa, wewe humtumii mtu chochote kutoka mfukoni. Unaweza kumwondoa siku yoyote. Mabroka wengi huendesha haya kwa mifumo inayoitwa PAMM na MAM. Katika PAMM, mitaji ya wawekezaji huunganishwa chini ya akaunti ya msimamizi, na faida na hasara hugawanywa kwa uwiano wa kila mmoja alichoweka, yeye mwenyewe akiwemo. MAM huziacha akaunti zikiwa mbalimbali na oda ya msimamizi hunakiliwa kwa kila moja. Mimi huipendelea PAMM kwa sababu moja ndogo: unaona msimamizi ameweka kiasi gani chake. Mwenye dola 300 zake anaposimamia 200,000 za wengine, nambari hizo zimekwisha kukueleza.

Kutoa nywila hakumo kabisa katika umbo hilo. MetaTrader ina nywila mbili, ya kufanyia biashara na ya kutazama tu. Ile ya kwanza ukimpa mtu, oda zote atakazofungua ni zako kwa mujibu wa mkataba wako na broka, na mabroka wengi wanakataza jambo hilo. Ukilalamika, jibu litakuwa kwamba uliingia mwenyewe.

Kuhusu leseni, usitosheke na namba iliyoandikwa chini ya tovuti. Matapeli hunakili jina na namba ya kampuni halali na kubadilisha simu na anwani tu. Nenda mwenyewe kwenye daftari la mamlaka husika, kama la FCA kwa Uingereza au lile liitwalo BASIC la NFA kwa Marekani, kisha tumia mawasiliano yaliyomo humo, siyo aliyokupa yeye. Na mtafute msimamizi kwa jina lake, sio broka peke yake, kwa sababu nchi nyingi zinadai mtu anayesimamia fedha za wengine awe na leseni yake mbali na ya broka. "Broka wangu ana leseni" ni jibu la swali ambalo hukuliuliza.

Rekodi ya biashara ndipo watu wengi wanapodanganywa bila kuambiwa uongo wowote. Picha za skrini zitupe. Akaunti ya majaribio itupe pia. Omba rekodi iliyounganishwa moja kwa moja na akaunti halisi, kupitia huduma kama Myfxbook, kisha uangalie mstari wa ekwiti ukilinganisha na wa salio. Mistari hiyo ikiachana, salio juu na ekwiti ikichimba chini, umeshajua kinachoendelea, hata kama mwezi umefungwa kwa faida. Angalia pia anguko kubwa kabisa kutoka kilele hadi bondeni, maana hapo ndipo utakapokuwa umesimama siku moja. Aliyeanguka asilimia 20 anahitaji 25 kurudi alipokuwa. Aliyeanguka 50 anahitaji 100.

Rekodi iwe ya muda gani? Miezi sita haina uzito. Watu 1,024 wakirusha sarafu mara kumi kila mmoja, kwa wastani mmoja atapata vichwa vyote kumi, naye ndiye utakayemwona juu ya orodha ya watu wa kunakiliwa oda zao. (Ndiyo maana siziamini sana zile orodha za kunakili: walioungua wameondolewa, umebaki na waliobahatika wakichanganyika na wachache wanaojua.) Hata treda mzuri kweli, anayepata wastani wa asilimia 8 kwa mwaka huku matokeo yake yakiyumba kwa kama asilimia 10, angehitaji zaidi ya miaka sita ili namba zake zianze kutofautika na bahati. Mimi hukubali mitatu kama kiwango cha chini, nikijua kabisa kwamba bado nakisia.

Sasa ada, na hapa naomba uwe na karatasi. Kawaida ni mgawo wa asilimia 20 hadi 30 ya faida, wakati mwingine pamoja na asilimia 1 au 2 ya mtaji kwa mwaka. Nusu kwa nusu ni ghali mno. Lakini kiwango hakina uzito kama kanuni moja: msimamizi alipwe tu pale akaunti inapopita kilele chake cha awali. Tuseme umeweka 10,000 na ada ni asilimia 30 kila mwezi wenye faida. Mwezi wa kwanza inapanda asilimia 10, inakuwa 11,000, anachukua 300, inabaki 10,700. Wa pili inashuka asilimia 10, umebaki na 9,630. Wa tatu inapanda asilimia 5, inafika 10,111.50. Bila kanuni ya kilele, huo ni mwezi wa faida, anachukua 144.45 na wewe unabaki na 9,967.05. Soko lenyewe, bila ada, lingekufikisha 10,395. Yaani biashara imeleta faida, msimamizi amelipwa 444.45, na wewe una hasara. Kwa kanuni ya kilele, mwezi wa tatu asingepata kitu, kwa sababu akaunti haijarudi ilikokuwa. Na kilele chenyewe kipimwe kwa ekwiti. Kikipimwa kwa salio, mmerudi kule ulipo wewe sasa.

Kuna ada nyingine isiyoonekana. Mabroka wengi humlipa msimamizi au aliyemleta mteja kamisheni kwa kila loti inayochezwa. Akilipwa dola 5 kwa loti na akacheza loti 40 mwezi huu, ana 200 mkononi, umepata au umekosa. Muulize waziwazi, kwa maandishi. Akisema hachukui, vizuri. Akisema anachukua na kutaja kiasi, vizuri pia, angalau mnahesabu pamoja. Mali bila daftari hupotea bila habari, nalo daftari la kazi hii lina safu hiyo moja ambayo watu husahau kuiomba.

Halafu weka kikomo cha hasara kwa akaunti nzima, mbali na stoplosi ya kila oda, ile amri ya kuifunga oda yenyewe hasara ikifika kiwango fulani. Ekwiti ikishuka asilimia 20 kutoka kilele, kila kitu kifungwe na ruhusa ya msimamizi ikome. Mifumo mingi ya PAMM inakuruhusu kuweka hilo mwenyewe. Msimamizi atakayekushawishi usiweke, mshukuru kwa muda wake.

Ukifanya yote haya bado unaweza kupoteza, na kwa njia ambayo hakuna aliyekosea sana. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliondoa ghafla kikomo cha faranga 1.20 kwa yuro ilichokuwa ikikilinda tangu Septemba 2011. Ndani ya dakika chache yuro ilianguka chini ya faranga moja. Stoplosi zilikuwepo, lakini njiani hakukuwa na bei za kuzifungia. Wateja wengi waliishia chini ya sifuri, wakidaiwa na broka. Alpari ya Uingereza ilifilisika, na FXCM ikalazimika kukopa dola milioni 300. Kwa hiyo uliza kama broka anazuia akaunti ya mteja kushuka chini ya sifuri, na levereji, ule mkopo unaokuwezesha kufungua oda kubwa kuliko mtaji wako, iwe ndogo. Mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, iliwawekea wateja wa kawaida kikomo cha 30 kwa 1 kwenye jozi kuu, baada ya kuona kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja hao hupoteza fedha katika bidhaa za aina hii. Akaunti yenye 500 kwa 1 haijaundwa kwa faida yako.

Baada ya kusema hayo, kwako wewe binafsi, mwenye akiba ya 4,500 tu, jibu langu ni kwamba hata msimamizi mzuri hakufai kwa sasa. Akikupa asilimia 12 kwa mwaka kabla ya ada, utabaki na dola 400 hivi, na ili uzipate umeibeba hatari ya kupoteza akiba yako yote. Fedha ya dharura haikai foreksi. Siku ukiwa na akiba ya miezi sita pembeni na ziada ambayo ikipotea hutabadilisha maisha, tafuta PAMM yenye sifa nilizotaja na weka sehemu ndogo ya ziada hiyo.

Leo fanya haya. Badilisha nywila ya MetaTrader, ya tovuti ya broka na ya barua pepe uliyosajilia, kwa sababu ndiyo inayotumika kuthibitisha utoaji wa fedha. Kama ameweka roboti, yaani programu inayofungua oda yenyewe, izime. Kisha funga oda zote sita. Najua itauma, hasara ya 625 itahama kutoka kwenye ekwiti na kuingia kwenye salio, lakini tayari umeibeba tangu wiki zilizopita. Ukishindwa kabisa kufunga zote, anza na ya 0.32 na ya 0.16, ambazo peke yake ni robo tatu ya mzigo. Omba kutoa fedha. Broka wa kweli atazirudisha kwa njia ulizoingizia. Ukiambiwa ulipe kwanza "kodi" au "ada ya kufungulia", huyo si broka, usilipe. Na akitokea baadaye mtu wa kukurudishia zilizopotea kwa malipo ya awali, huyo ni wa kundi lilelile. Ile 115 usimtumie.

Inawezekana kabisa wiki ijayo bei ikarudi. Atakutumia picha ya chati na kukuambia ungesubiri siku tatu tu ungekuwa na faida. Atakuwa anasema kweli, na oda zitakuwa zimefungwa.